Jino Kwanza, Chui Baadaye

Mtu akijua kwamba tunalea watoto porini, swali lake la kwanza ni wanyama. Hata hajakaa vizuri ameshauliza: chui je? Nyoka je? Usiku mnalalaje? Najibu kwa kifupi maana nimeshazoea. Chui yupo, tunaona nyayo zake karibu na kisima asubuhi, na bila shaka yeye anatuona sisi mara nyingi kuliko tunavyomwona. Watoto hawatoki nje jua likishazama bila mtu mzima. Mbuzi hatufugi, mbwa hatufugi, mabaki ya chakula hayalali nje. Basi. Ukizifuata taratibu hizo, chui ana shughuli zake na wewe una zako.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni jino.

Mwanangu wa kati alianza kushika shavu wakati mvua zimeshakolea. Alikuwa ameonwa na daktari wa meno kabla ya msimu, kama sisi wote, lakini gego lilipasuka baadaye kwa kung'ata kokwa. Mto unaotutenga na barabara ulikuwa umefurika, na ukifurika hakuna gari wala mtumbwi unaothubutu. Mwanzo alisema linauma akinywa kitu cha baridi. Halafu likawa linauma hata asiponywa kitu. Usiku mmoja akaamka analia, shavu limevimba, gumu na la moto, na kwenye fizi chini ya gego pana kijipu cheupe. Anayeishi jirani na zahanati angesubiri kupambazuke tu. Mume wangu alichukua tochi akaenda kuangalia kijiti tulichochomeka ukingoni kupimia maji. Akarudi kaloa chapachapa, akatikisa kichwa.

Simu ya setilaiti inataka anga wazi. Kwa hiyo nilisimama katikati ya uwanja nimejifunika turubai, naongea na daktari ambaye sauti yake inachelewa kidogo, kiasi kwamba usipokuwa na subira mnazungumza wote kwa pamoja. Hakuniuliza mengi. Anameza mate? Kinywa kinafunguka vizuri? Uvimbe umepanda kwenye jicho, au umeshuka chini ya taya? Anapumua bila taabu? Homa ngapi? Kilo ngapi? Aliniambia wazi kwa nini anauliza: usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, na hapo habari za mto haziulizwi tena, inaitwa helikopta. Mtoto alikuwa anameza, kinywa kinafunguka, shingo laini. Daktari akasema, "Sawa. Fungua sanduku, toa namba 7. Nisomee maandishi ya kwenye chupa kabla hujampa."

Habari ya namba hatukuibuni sisi. Mwaka 1928 mchungaji John Flynn alianzisha Australia huduma ya daktari anayewafuata wagonjwa kwa ndege, na ndege ya kwanza ikaondoka mji wa Cloncurry. Mwaka uliofuata fundi Alfred Traeger akaleta redio ambayo umeme wake unapatikana kwa kukanyaga pedali, ili familia iliyoko maili nyingi kutoka kwa jirani iweze kumwita daktari huyo. Baadaye nyumba za mbali zikawekewa masanduku ya dawa ambayo kila dawa ina namba yake. Daktari anasema redioni, mpe kidonge namba fulani, na mama wa watu hahangaiki kusoma jina refu la dawa huku mtoto analia mapajani. Niliposoma habari hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku letu na kalamu ya wino mzito. Orodha moja anayo daktari, nyingine tumebandika ndani ya kifuniko, na dawa haipewi mtu bila yeye kusema. Watoto wanajua kwamba namba ni zangu na za daktari. Wao kazi yao ni kujua sanduku liko wapi.

Antibayotiki ilituliza usaha, dawa ya maumivu kwa kiasi cha uzito wake ikampa usingizi, na maji ya chumvi ya uvuguvugu ya kusukutulia yakampa la kufanya, jambo ambalo mtoto anayeumwa analihitaji. Mto uliposhuka tulivuka, gego likang'olewa. Analo mpaka leo kwenye kikopo na huwaonyesha wageni bila kuombwa.

Nimelieleza jino kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloonyesha maisha haya yalivyo. Adui wetu ni umbali. Ugonjwa ambao kwingine ni kero ya mchana mmoja, huku unakuwa hesabu ya maji ya mto, chaji ya betri, mawingu na mafuta ya gari. Watu huhesabu kilomita, sisi tunahesabu saa mpaka mikononi mwa daktari, na saa zenyewe hubadilika kwa msimu: kiangazi ni safari ya kutwa, masika huenda njia isiwepo kabisa. Kwa hiyo chanjo, macho, meno, kila kinachoweza kufanywa mapema kinafanywa mapema. Mimba zangu zote tatu niliziangalia kwa kalenda hiyohiyo. Mwezi wa saba hata haujaisha nilikuwa nimeshahamia karibu na hospitali, na maneno ya watu kwamba bibi zetu walijifungulia porini niliyasikia nikayaacha yapite. Bibi zetu hao wengine hawakurudi.

Nyoka tunao, kweli. Viatu vinakung'utwa, usiku hakuna kutembea bila tochi, vitanda havigusi ukuta na vyandarua vinachomekwa chini ya godoro. Watoto wameshika la kufanya kiasi kwamba wanalitaja kwa zamu mezani: usikimbie, usifunge kamba, usichanje, usinyonye sumu, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, kiungo kisitikisike, mwite mama. Wageni huuliza kwa nini hatuweki dawa ya kuua sumu ya nyoka. Dawa hiyo nyingi inataka ubaridi, inataka kujua ni nyoka gani, na inaweza yenyewe kuleta mzio mkali wa kumwangusha mtu, kwa hiyo inatolewa mahali palipo na daktari na vifaa. Tulicho nacho ni vibao vya kutulizia mguu, bandeji, simu, na kile kifaa cha kuombea msaada kinachotuma ishara kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406. Kifaa hicho kiko kwenye msumari mlangoni, na hakuna anayekigusa hata kwa kukifuta vumbi ila mimi au baba yao.

Maji sitayasema sana. Yanachemshwa, mwisho. Kuni zikiloa tunayajaza kwenye chupa za plastiki angavu na kuzilaza juani kwa muda wa saa 6, ikiwa maji ni safi machoni na anga halina mawingu mengi. Mtoto akiharisha, ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazishwa siyo vya kurundika, na anapewa kidogokidogo.

Sasa shule.

Hapa ndipo nilipodhani pangekuwa pepesi, kwa sababu nilisomea ualimu. Kumbe kufundisha watoto wa watu ni kazi moja, na kufundisha wa kwako ni nyingine kabisa. Mtoto akimkasirikia mwalimu wake, anarudi nyumbani kwa mama kulalamika. Wa kwangu akimkasirikia mwalimu, mama naye ndiye huyohuyo, na chakula cha mchana kinapikwa na mtu huyohuyo aliyemwambia arudie kuandika. Tulitatua kwa kitambaa. Nikifunga kitambaa cha bluu kichwani mimi ni mwalimu, na malalamiko kuhusu mwalimu yanasikilizwa na mama baada ya kitambaa kuvuliwa. Mdogo wao analichukulia jambo hili kwa uzito wote. Juzi alikuja kunishitakia kwamba mwalimu hana haki, nikampa pole, nikamuahidi nitaongea naye.

Mchwa walikula kitabu cha hesabu, sura ya sehemu yote, wakaacha majalada. Nilifurahi kidogo, sitaficha. Ikabidi sehemu tuzifundishe kwa vitu vilivyopo, na kilichopo kwetu wakati wa mvua ni mvua. Kazi ya mume wangu ni kupima mto na kuhesabu wanyama, kwa hiyo kipimo cha mvua kipo uwanjani, kinasomwa kila asubuhi. Binti yetu mkubwa ndiye msomaji mkuu. Kuna hesabu moja nzuri sana ambayo kila anayevuna maji ya paa anaijua: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 kamili. Akapima paa letu, ukubwa wa chini likitazamwa kutoka juu, akapata mita mraba 48. Asubuhi moja kipimo kikasoma milimita 12. Akaandika: lita 576. Akapanda ngazi, akazamisha fimbo ndani ya tangi, akapiga hesabu ya duara aliyofundishwa na baba yake, akashuka amekunja uso. Maji yaliyoongezeka yalikuwa kama lita 400.

"Mama, 176 zimekwenda wapi?"

Nilikuwa na kitambaa cha bluu. Nikamwambia azitafute. Alizunguka nyumba na wadogo zake nyuma. Walianza na bati lenyewe, kwamba lilipoanza kuloa lilikunywa kidogo na jua likakausha. Wakaenda kwenye ule mkono wa bomba unaotupa maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Wakapima ndoo zake, wakatoa. Bado deni lilikuwepo. Mvua iliyofuata walisimama nje wameloa, mmoja kila kona, mpaka wa kati akapiga kelele: kwenye kona ya jikoni mfereji wa bati ulikuwa umelegea kwenye kiungo, maji yanatiririka nyuma ya ukuta ambako hakuna anayepita. Siku ile walijifunza sehemu, asilimia, mjazo wa mcheduara, na kukaza skrubu. Mhakiki wa mitaala angesema nimechanganya mada za madarasa matatu. Na aseme.

Lakini hesabu haiwezi kumpa mtoto mtoto mwenzake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaolisifu pori kana kwamba watu ni uchafu wa kukimbiwa. Naona picha zao: nyumba ya magogo, moshi, mtoto peku kabembea kwenye kamba. Siwaonei wivu wala siwapingi. Natamani tu wangesoma habari za familia ya Lykov.

Karp Lykov na mkewe Akulina walikuwa Wakristo wa mapokeo ya kale huko Urusi. Mwaka 1936, baada ya ndugu yake Karp kupigwa risasi, walichukua watoto wao wawili na mbegu walizonazo wakatokomea katika misitu ya Siberia. Wakapata watoto wengine wawili hukohuko. Mwaka 1978 wanajiolojia waliiona bustani yao kutoka kwenye helikopta, zaidi ya kilomita 200 kutoka makazi ya karibu. Wale wadogo wawili walikuwa watu wazima na hawakuwahi kumwona binadamu asiye wa nyumbani kwao. Mama yao alikuwa amewafundisha kusoma na kuandika kwa kijiti kilichochovywa kwenye maji ya matunda ya porini, na huyo mama namvulia kofia. Mwaka 1961 barafu ya mwezi wa Juni iliua mazao ya bustani, njaa ikaingia, na Akulina akafa ili wanawe wale. Shina moja la rai, nafaka jamaa ya ngano, liliota, wakalilinda mchana na usiku dhidi ya panya, wakavuna punje 18, na kutokana na punje hizo wakaanza kilimo upya. Chumvi hawakuwa nayo miaka yote hiyo, na mzee mwenyewe alisema kuishi bila chumvi ni mateso ya kweli. Mwaka 1981 watoto watatu kati ya wanne wakafariki, mmoja baada ya mwingine.

Simhukumu Karp, alikuwa anakimbia bunduki. Sisi hatukimbii kitu. Kwa hiyo nikisoma kisa kile sisomi ushujaa, nasoma chumvi. Nasoma mtu mzima ambaye hajawahi kugombana na rafiki na kupatana naye.

Nililiona kwa wanangu tulipotoka kwenda mjini, wa mwisho akiwa na umri wa kutambua mambo. Basi lilisimama, abiria wakaanza kushuka, naye akasimama mlangoni akamsalimia kila mmoja, akijitaja jina na kumuuliza hali, kama anavyofanya na mgeni anayefika kwetu baada ya mwezi. Watu walicheka, wengine wakamjibu vizuri, wengine wakampita. Alipopitwa alidhani hawajasikia, akapaza sauti. Mpaka basi likawa tupu sauti imekauka na machozi yanamlengalenga. "Mbona wengine hawakunijibu?" Wa kati yeye alichezewa mzaha na watoto wa jirani ya tulikofikia, akaupokea kama matusi, akanyamaza mpaka jioni. Wiki hiyohiyo wote watatu wakashikwa na mafua, ambayo huku kwetu hayapo mpaka aje mgeni nayo.

Kwa hiyo tukaweka utaratibu ambao baba yao mwanzoni aliuona wa gharama. Kila kiangazi watoto wanakaa muda wa kutosha na watoto wengine, siyo kutembelea tu na kupigwa picha, bali kukaa mpaka wagombane, wapatane, na wachoke. Na huku nyumbani wanaongea na wenzao kwenye redio. Wa Australia walilijua hili zamani. Mwaka 1951 Alice Springs ilianzisha masomo ya redioni kwa watoto wa mashamba ya mbali, kwa kutumia mitambo ileile ya daktari wa ndege. Mimi ninachokipenda katika shule ile ni kwamba watoto walisikiana. Mmoja anajibu swali, mwingine aliye mamia ya kilomita anasikia kwamba na yeye amekosea palepale. Sisi tuna familia nyingine mbili zinazoishi maisha kama yetu, na jioni moja kwa wiki mawimbi yanakuwa ya watoto. Wanaelezana vitendawili, wanabishana, wanakatana kauli. Marufuku wazazi kuingilia, isipokuwa betri ikipungua.

Ndoa nayo? Ndoa huku haina jirani wa kumshitakia. Mkikosana asubuhi, mtakutana palepale kisimani, jikoni na mezani. Tuna jiwe kubwa nyuma ya nyumba, mwenye hasira anakwenda kukaa pale na hafuatwi. Kuna kipindi nilikaa sana. Kuna kipindi nilikuta nafasi imechukuliwa.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wa maisha haya huliogopa kulitaja, nalo ni kwamba sisi ndio tunaoweza kuanguka. Mume wangu akiwa safarini na mimi nikapata homa ya kupoteza fahamu, aliyebaki na akili timamu ni mtoto. Kwa hiyo mkubwa wetu anajua kuwasha simu ya setilaiti, kusubiri ipate mawasiliano, na kusema kwa mpangilio: mimi ni nani, tuko wapi, kimetokea nini, nani anapumua. Namba za mahali tulipo, latitudo na longitudo, wadogo wamezitungia wimbo, wanaziimba wakioga. Tumefanya mazoezi ambamo mimi nalala sakafuni nimefumba macho. Mara ya kwanza mdogo alicheka akaniparamia tumboni. Siku hizi anakwenda kuleta blanketi.

Wiki hizi nyumba ina mjadala. Binti mkubwa anataka shule ya bweni. Ameandika barua, kaisoma mezani, hoja zake amezipanga vizuri kuliko nilivyomfundisha: maabara, timu ya mpira wa mikono, na "watu wa rika langu ambao hawajanijua tangu nizaliwe." Baba yake anasema bado, asubiri mwaka mmoja, mtoto aliyezoea anga hili lote atabanwa kwenye chumba cha vitanda vya ghorofa. Mimi nasema aende. Nilikubali kulea porini, sikukubali kufungia mtu porini. Juzi baba yake alikwenda kwenye jiwe, akakaa muda mrefu, akarudi na swali moja tu kuhusu likizo na hali ya mto mwezi ule. Nikajua tumefika.

Wadogo zake wameshaanza kugombania kitanda chake cha dirishani, na mwenye kitanda bado analala humo.